Oili ya giaboksi ya CVT si oili yoyote

SWALI: Nataka kununua Nissan X-Trail ya mwaka 2010, ya petroli, injini ya lita 2, ambayo tayari imetumika hapa nchini. Muuzaji anasema oili ya giaboksi imebadilishwa wiki iliyopita, na fundi wangu ananihakikishia kwamba oili yoyote ya otomatiki inafaa. Je, ninunue? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Injini ya gari hilo ikitunzwa hudumu, kwa hiyo sitaizungumzia. Kinachonitia wasiwasi ni kauli ya fundi wako, kwa kuwa ndiyo inayoleta X-Trail nyingi gereji zikiwa zimevutwa kwa kamba.

Isipokuwa zile chache za gia za mkono, X-Trail za petroli za toleo hilo, yaani T31, zina giaboksi ya CVT, ambamo mkanda wa chuma hubanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo haushiki puli kwa meno, bali kwa shinikizo la oili na kwa uwezo wa oili yenyewe wa kuzuia chuma kisiteleze juu ya chuma. Kwa kazi hiyo Nissan inaagiza oili ya NS-2. ATF, yaani oili ya kawaida ya otomatiki, iliundwa kwa ajili ya klachi za otomatiki nyingine. Ikimiminwa humu, mkanda huteleza na kukwangua uso wa puli, na mikwaruzo hiyo haifutiki hata ukirudisha NS-2 kesho yake. Gari huweza kutembea vizuri kwa majuma kadhaa kabla ya kuharibika, na ndiyo sababu fundi aliyeliua hukana kabisa kuhusika.

Basi mdai muuzaji risiti ya oili hiyo. Kisha lipeleke gari kwenye gereji yenye mashine inayosoma kompyuta ya CVT ya Nissan, uangalie hesabu ya uchakavu wa oili: ikizidi 210,000, oili inatakiwa kubadilishwa, na anayebadilisha kwa utaratibu huirudisha kwenye sifuri. Ukikuta namba kubwa kwenye gari linalodaiwa kubadilishwa oili juzi, ama oili haikuguswa, ama aliyeigusa hakujua anachokifanya.

Liwashe likiwa la baridi, kisha ulipandishe mlima wa Kitonga. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda ilhali mwendo hauongezeki, au gari likitetemeka unapokanyaga mafuta kidogo tu, liache. Muuzaji akikataa safari hiyo, liache vilevile.

Ni kweli kwamba CVT hizi zina udhaifu. Nissan yenyewe iliongeza dhamana yake nchini Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Lakini udhaifu huo hautibiwi na vichupa vya "dawa ya giaboksi" vinavyouzwa madukani, wala na hao wanaofungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) barabarani na kujazia kilichopo. Honda Vezel ya petroli yenye CVT inataka HCF-2, na RAV4 ya CVT inataka oili ya Toyota ya CVT. Jina la oili limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na fundi asiyetaka kukisoma usimruhusu aguse boliti hata moja ya giaboksi yako.