Barua kwa mwanangu: kuhusu ile asilimia 4 yako

Marahaba mwanangu Zuhura. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa sokoni sikuelewa kitu, ya pili nikacheka, ya tatu nikakaa kibarazani nikazima simu kabisa. Nimeona bora nikuandikie maana mi nikianza kuongea naenda Pemba narudi Tanga na swali bado sijalijibu.

Kwahiyo umetema mate kwenye kichupa huko Minneapolis ukatuma kupimwa vinasaba, hiyo DNA, wakakuletea kwamba Uajemi na Uarabuni una asilimia 4 tu, nyingine karibu zote ni huku kwetu Afrika Mashariki mpaka kushuka kusini, alafu kaka yako Idrisa naye kapima kapata 9. Na unaniuliza mbona baba mmoja tumbo moja na majibu hayafanani, na la pili, hili ndo lililokuuma nimelisikia kwenye sauti, eti babu alikuwa anatudanganya aliposema sisi ni Washirazi, watu wa asili ya Shiraz huko Uajemi?

Nianze na la Idrisa maana ni jepesi. We umeshapakua pilau la shughuli. Sufuria moja, upawa mmoja, sahani hii imepata viazi viwili na mfupa, ile imepata nyama tupu, na aliyepakua hana ubaya na mtu. Nusu ya vinasaba vyako umetoa kwangu na nusu kwa baba yako, hiyo haina mjadala, ila ni nusu ipi, hapo ndo bahati nasibu, kila mimba inapakuliwa upya. Idrisa sahani yake imechota zaidi upande ule. Isitoshe hizo asilimia wenyewe wanazikadiria, wanakulinganisha na watu waliokwishawapima, na watu wa pwani yetu humo ndani sidhani kama wamejaa, ukipeleka mate kampuni nyingine wanaweza kukuletea 3 au 7 na mate ni yaleyale. Usiigombanie.

Sasa endelea kupakua, sahani kutoka kwenye sahani. Mimi nimekupakulia nusu yangu, we utampakulia mwanao nusu yako, naye wa kwake, ukifika mara ya nane, ya kumi, kuna punje za bizari zilikuwemo kabisa kwenye sufuria la kwanza lakini kwenye hiyo sahani ya mwisho hamna hata moja. Ndo vinasaba hivyo. Mtu anaweza kuwa babu yako kweli kweli, wa halali, na mwilini mwako kusiwe na hata chembe yake. Hilo lilinishangaza hata mimi niliyekaa wodi ya wazazi miaka 31 nikidhani damu naijua.

Ile shajara ya babu yako, ile orodha ya majina ya ukoo, unaikumbuka? Karatasi iliyo kwenye nailoni kabati la misahafu, pembe ya juu imeliwa na mchwa. Nimeitoa leo asubuhi nikaihesabu kwa kidole. Kuanzia yeye kwenda juu majina ni 11, bin fulani bin fulani bin fulani, yule wa mwisho ndo anasemekana mzee wa Shiraz. Kwako we huyo ni kizazi cha 12. Sasa chukua kalkuleta, wazazi 2, babu na bibi 4, juu yao 8, juu yao 16, zidisha hivyohivyo mpaka mara ya 12 utapata 4,096. Yaani katika ngazi ile una nafasi 4,096 za watu waliokuleta duniani na karatasi imemkumbuka mmoja. Babu hakudanganya mwanangu, alisoma alichoandikiwa. Waliobaki 4,095 ndo hakuwataja, na kwenye yale majina 11 hakuna bint hata mmoja, nimeangalia mpaka nyuma ya karatasi.

Na uzuri siku hizi mifupa nayo imeongea. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu wa jirani, na wenzake wa Harvard, walitoa vinasaba kwenye mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa, Manda, Faza, huku chini Kilwa na Songo Mnara. Wakakuta wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba ni vya Afrika na vimetoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia umeingia zaidi kwa wanaume, wengi wao Waajemi, na Uhindi umo kidogo. Kuchanganyika kwenyewe kulianza kama mwaka 1000 hivi. Waarabu waliongezeka baadaye, baada ya 1500. Kwahiyo hadithi ya Washirazi waliyoicheka wasomi miaka na miaka kumbe ilikuwa na mzizi, ila ilikuwa hadithi ya mababa. Mama zao walikuwa watu wa hapahapa. Alafu jambo lingine mi naliona, yale mengi yalikuwa makaburi ya wenye nafasi, ya mawe, karibu na msikiti. Aliyekuwa anawachotea maji hakujengewa kaburi la mawe akaja kuchimbuliwa na profesa.

Ndo nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kukuambia, na sikukuambia kwa sababu na mimi niliambiwa niliweke.

Kwenye majibu yako kuna mahali wameandika ukoo wa upande wa mama, herufi L na vinamba mbele. Umeniuliza ni nini ukapita haraka. Hicho ni kipande kidogo cha DNA kinachokaa kwenye mitokondria, vile vijiko vya kupikia nguvu ndani ya seli, chenyewe hakichanganywi kwenye pilau, kinapita pembeni kama kachumbari. Mama anawapa watoto wote, wa kiume kwao kinaishia hapohapo, wa kike anakipeleka mbele. Na hayo makundi ya L ni ya Afrika. Kromosomu Y, kifungu cha vinasaba walichonacho wanaume, nayo inapita baba kwa mwana wa kiume tu, kwahiyo mzee wa Shiraz kama yupo mumtafute kwa Idrisa, kwako we usimtafute hapo. We na mimi na mama yangu na bibi yangu mzaa mama tumebeba ya mtu mwingine.

Mwaka 1970 nilikuwa na miaka 13, likizo nilipelekwa Pangani kwa bibi. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele, na mi nilikuwa nimetoka kugombana na mtoto wa jirani nimemtukana kuwa wao ni watumwa, nikajisifu kwa bibi nikidhani atafurahi. Akaacha kukuna. Ile nazi ilibaki nusu imeng'ang'ania kwenye meno ya mbuzi. Akaniambia, bibi yangu mimi aliyemzaa mama yangu alikuwa anaitwa Zafarani, na hilo siyo jina alilopewa na mama yake, la mama yake alilisahau. Alitoka Nyasa, alikuja kwa miguu. Alafu akaendelea kukuna nazi yake. Na kabla sijainuka akasema, baba yako asisikie.

Nilidhani "kwa miguu" ni maneno tu ya wazee. Nimekuja kuelewa mtu mzima. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na soko la Unguja likafungwa, sasa wenye biashara badala ya kuwapakia kwenye majahazi Kilwa wakawa wanawatembeza pwani yote mpaka Pangani, huko ndo wanavushwa usiku kwenda Pemba kwenye mikarafuu. Wengine hawakuvushwa, walibakizwa kwenye mashamba ya miwa ya Pangani. Ukihesabu umri wa bibi kurudi nyuma inaingia mulemule. Alikuwa mtoto. Kutoka Nyasa mpaka Kilwa, kutoka Kilwa mpaka Pangani, we uliyelia siku basi la kwenda Dar lilipoharibika Chalinze ukatembea nusu kilometa!

Tajiri wa shamba akamfanya suria, akamzalia binti, na mtoto wa suria kwa sheria ya Kiislamu ni huru, ana nasaba ya baba yake. Basi binti akapanda kwenye jina la baba na mama akafutika. Hakuna aliyesema uongo hapo pia, walinyamaza tu, na kunyamaza kwa watu wa pwani unakujua.

Hesabu tena. Mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Mama yangu kitukuu cha Zafarani, mimi kilembwe, wewe kilembwekeza. Ngazi yake una nafasi 32, kwahiyo kwenye lile pilau kubwa sehemu yake kwako ni kama asilimia 3, inaweza kuwa zaidi au pungufu, karibu sawa na hiyo 4 unayoililia. Lakini ile L ni yake nzimanzima, haijapungua kitu toka Nyasa.

Kuna jambo la mwisho na hili ndo nataka ulisome taratibu. Ukizidisha vile vizazi mpaka 30 utapata mababu zaidi ya bilioni moja, na enzi hizo watu wote duniani hawakufika hata nusu bilioni. Jibu lake unalijua, binamu nyama ya hamu. Nafasi ni nyingi ila watu ni walewale wanajirudia, kila ukoo duniani uko hivyo. Wazazi wangu mimi walikuwa watoto wa ndugu wawili. Na wote wawili, bila kujua, walikuwa wamebeba nusu ya seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaompata mtoto akichota nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mdogo wangu Mwajuma ambaye picha yake unaiona sebuleni alikuwa analia miguu inamuuma usiku, bibi anamkanda mafuta ya nazi ya moto, wakasema baridi, wakasema jini. Alikufa ana miaka sita. Nimekuja kuisoma chuoni nikatoka darasani.

Mimi ni AS, yaani nimebeba ile nusu moja. We ni AS, nilikupima ukiwa mdogo, Idrisa yeye ni AA, hana kabisa, upawa tena huo. AS kwa kawaida haina shida, unaishi vizuri, na ndo iliyowakinga wazee wetu wengi na malaria kali kwenye mabonde haya, ndo maana imedumu huku. Ila AS mbili zikikutana, kila mimba ina moja ya nne ya kuwa kama Mwajuma. Sasa huyo kijana wako wa Bukavu, mpole, nimempenda, salamu zake nimezipata, usimwonyeshe maasilimia wala mambo ya Shiraz. Mwambie akapime aje na karatasi yenye herufi mbili. Hata ikiwa AS sisemi msioane, ila muingie mkijua, na mniambie kabla sijamlipa fundi wa nguo.

Shajara nitaipiga picha nikutumie Jumamosi kaka yako akija na simu yenye kamera nzuri. Bizari nyembamba na hiliki ulizoagiza nimempa mama Nasra, anasafiri tarehe 14, ukamfuate uwanja wa ndege usimwache azunguke na mzigo.

Mama yako