Je, mabano katika Biblia yanaonyesha kwamba imechezewa?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimelelewa kanisani. Mwenzangu wa bwenini anasema vitabu vya Biblia vilichaguliwa na mfalme Konstantino kule Nikea, kwamba mistari imeongezwa (na kweli, katika Biblia yangu Marko 16:9–20 imo ndani ya mabano), na kwamba kitabu kinachoruhusu utumwa hakiwezi kuwa cha Mungu. Nilishindwa kumjibu. Tangu siku hiyo nikisali najiona mnafiki.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kuuliza si unafiki. Luka anaanza Injili yake kwa kusema kwamba amejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo. Ikiwa mwandishi alichunguza kabla ya kuandika, hata msomaji ana ruhusa ya kuchunguza.

La Nikea ni jepesi. Maaskofu walikutana katika mji huo mwaka 325 hasa kwa sababu ya mafundisho ya kasisi Ario kuhusu Mwana wa Mungu, na kanuni walizopitisha tunazo hadi leo: hamna orodha ya vitabu vya Biblia ndani yake. Askofu Irenayo alikwisha kutetea Injili nne, wala si zaidi, katika karne ya 2, Konstantino hajazaliwa. Vitabu 27 vya Agano Jipya tunavikuta vimeorodheshwa kama tulivyo navyo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, makanisa yakibishana, na majirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia mpaka leo wanahesabu vitabu 81 katika Biblia nzima. Basi mwenzako amekosea kuhusu Nikea, lakini nawe usimwambie kwamba Biblia ilishuka ikiwa imeshajalidiwa.

Kwenye mabano ana hoja, usiikwepe. Kuna nakala mbili kubwa za Kigiriki za karne ya 4: moja imehifadhiwa Vatikani, nyingine ilitoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai na sehemu yake kubwa sasa iko London. Zote mbili zinamaliza Marko kwenye 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini, “wala hawakumwambia mtu neno lolote, kwa maana waliogopa.” Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa aliyeishi karne hiyo hiyo, aliandika kwamba nakala zilizo sahihi zinaishia hapo. Mimi naamini mistari 12 inayofuata iliandikwa na mkono mwingine, na walioweka mabano wamekutendea haki. Si jambo dogo hili. Huko Marekani, George Went Hensley alieneza ibada za kushika nyoka kwa sababu ya Marko 16:18, inayosema waaminio watashika nyoka, na mwaka 1955 alifariki baada ya kuumwa na nyoka ibadani. Natamani kila mhubiri ajue mabano yale yanasema nini kabla hajapanda madhabahuni.

Lakini tazama tumeyajuaje. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya zilizosalia zinapita 5,000, nyingi ni za karne za baadaye, na zinatofautiana mahali pengi, mara nyingi katika herufi au mpangilio wa maneno. Hakuna mtawala aliyezikusanya zote akachoma zisizompendeza. Mnakili mmoja akiongeza mstari, nakala ya mji mwingine inamfichua. Na kaburi tupu halikutegemea mistari ile 12. Limo katika mstari wa 6, nje ya mabano.

Utumwa ndio swali linaloniumiza mimi. Walawi 25:44–46 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto. Siwezi kuupamba mstari huo, wala sitakuambia utumwa wa kale ulikuwa kama kazi za ndani. Mzungu mwenye mashamba alisoma Waefeso 6:5, inayowaambia watumwa wawatii bwana zao, akafurahi. Hata hivyo, Torati hiyo hiyo, Kumbukumbu 23:15, inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka, na taifa lenyewe la Israeli lilizaliwa kwa watumwa kutoka Misri.

Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia iliyopunguzwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vya Waingereza. Habari ya Waisraeli kutolewa Misri iliachwa. Wagalatia 3:28, “hapana mtumwa wala huru,” iliachwa. Zaidi ya nusu ya kitabu iliondolewa. Mwambie mwenzako kwamba wale waliotaka kumtuliza mtumwa kwa Biblia waliogopa kumpa Biblia nzima. Unguja nako, kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, likajengwa kanisa la Kianglikana, na Askofu Edward Steere aliyelisimamia ndiye pia aliyekuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili.

Hilo halifuti Walawi 25. Nasoma sheria ile kama neno lililosemwa kwa watu wa zama zao, ambao Mungu alikuwa hajamaliza nao, na Yesu mwenyewe ananipa njia hiyo anaposema juu ya talaka kwamba Musa aliwaruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao (Mathayo 19:8).

Usiku wa leo msome Filemoni pamoja na huyo mwenzako, ni sura moja tu. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa wa Filemoni, “si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa.” Atakuuliza kwa nini hakuandika waziwazi, “mwache huru.” Mwambie kwamba hata mchungaji wako anatamani angeandika hivyo.