Re: Iringa–Dar na Toyota IST, viazi nyuma. Upepo niweke ngapi?

Mkuu, umesema mko watu wazima wanne na lumbesa mbili za viazi, yale magunia yanayojazwa kupita mdomo. Fundi mmoja kakwambia ujaze PSI 40 (PSI ndiyo kipimo cha upepo wa tairi) matairi yote, mwingine kasema upunguze kwa sababu ya joto la njiani. Usimsikilize hata mmoja. Mimi niliwahi kumsikiliza mtu kama huyo wa pili.

Ilikuwa Juni, IST kama yako, mzigo kama wako. Iringa asubuhi nilipima 33, matairi ya baridi. Ilula tukaongeza tenga la nyanya, si unajua tena, ukipita Ilula bila nyanya nyumbani utajieleza. Kuteremka mlima Kitonga nikaanza kuona usukani mwepesi kupita kawaida, gari kama linaelea mbele. Nikajipa moyo kwamba ni mteremko. Haukuwa mteremko. Zile lumbesa nilizisimamisha nyuma kabisa, zimegusa mlango wa buti, kwa hiyo zilikuwa zinakandamiza nyuma na kunyanyua pua ya gari. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, na mimi nilikuwa nimeyapunguzia uzito mahali pabaya kuliko pote.

Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu. Kijana wa pancha akaweka geji, ikasoma 37. "Bosi, yamepata moto haya, tutoe kidogo yasije yakapasuka." Akatoa mpaka 30. Nikamlipa na asante juu.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi. Bahati mwendo ulikuwa mdogo. Sasa fikiria: spea ya IST iko chini ya zulia la buti. Juu ya zulia kuna viazi, vitunguu na nyanya. Tulishusha gunia kwa gunia pembeni ya barabara, mke wangu akiwa mlinzi wa tembo. Spea kuitoa, imelala. Ile spea nyembamba inayokuja na magari mengi ya Japani inataka 60, imeandikwa ubavuni mwake, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ya kwangu haikuwahi kupimwa tangu ninunue gari. Dereva wa lori mwenye kompresa ndiye aliyetuokoa.

Kosa liko wapi? Tairi likitembea linapata moto na upepo wa ndani unapanda, PSI 4 hivi ni kawaida kabisa. Kipimo cha kiwandani ni cha tairi la baridi, yaani gari limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi, na hilo ongezeko la moto limeshahesabiwa. Ile 37 ilikuwa 33 yangu ya asubuhi. Kutoa mpaka 30 ya moto ni sawa na kuanza safari na 26, tena na mzigo. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unakunjwa na kukunjuliwa kila linapozunguka, na huko kukunjwa ndiko kunakolichemsha mpaka linaachia. Na kusema kweli lilikuwa mtumba la miaka saba. Angalia ubavuni kwenye DOT, tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019.

Na hiyo 40 je? Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo, kuna kibandiko. Mara nyingi kimeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo; kupata PSI gawanya kwa 6.9: 230 kPa ni PSI 33. Kama kina namba ya mzigo kamili, tumia hiyo, na kama nyuma na mbele zinatofautiana, fuata hivyo hivyo. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa tairi lenyewe, haihusiani na gari lako. Ukijaza kupita kiasi tairi linakanyaga kwa katikati tu, na kwenye lami yenye maji utajuta.

Ila mkuu, tatizo lako si upepo, ni viazi. Wajapani wakikokotoa uzito wa jumla wa gari dogo la abiria wanahesabu kilo 55 kwa kila kiti, basi. IST ni viti vitano, kwa hiyo kilo 275, mizigo imo humo humo. Nyie wanne mkiwa na kilo 70 kila mmoja mmeshafika 280 kabla ya kiazi kimoja. Lumbesa sitakuambia ina kilo ngapi, wewe mwenyewe unajua jinsi inavyoshonwa kilemba. Hakuna PSI inayofuta hesabu hiyo. Shokomzoba zinalala, taa zinamulika juu zinawapofusha wanaokuja, breki zinachelewa.

Gunia moja lipakie kwenye basi au lori, lipokee Dar. La pili limwage kwenye viroba vidogo, uvilaze chini kabisa vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, uvifunge kamba. Vyepesi ndiyo vikae juu, na visipite usawa wa mgongo wa kiti. Dumu la asali au mtungi wa gesi usiuache wazi nyuma ya vichwa vya watu, ukipiga breki ya ghafla unakuja mbele wenyewe. Keria ya juu ya paa sikushauri kwa Kitonga. Spea, jeki na spana vitoe chini ya mzigo, viweke mahali mkono unafika.

Geji nunua yako, za barabarani nyingi zimepigwa sana chini. Pima alfajiri kabla hujawasha gari, tairi tano zote, spea ikiwemo. Ukifika Ruaha Mbuyuni geji isome 37, nunua vitunguu uondoke.