Nipokeeni sufuria, maamuzi niachieni

Wiki hii mmeuliza: ugonjwa wa kudumu unabadilishaje namna mwanamke anavyojitambua? Najibu kutoka Ujiji. Nina baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyenyewe. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanzia vidoleni, mikono yote miwili.

Sasa tazameni mwanamke wa huku anapimwa kwa nini: kusonga ugali wa muhogo wa nyumba nzima, kutwanga, kusuka watoto, kuanika dagaa mwaloni Kibirizi na kuwageuza wakauke sawasawa. Yote ni vidole. Vyangu vilipovimba, sikujua tena nijitaje kuwa nani.

Asubuhi viungo hukakamaa saa nzima, pengine zaidi. Hata khanga nafungwa na binti yangu. Mchana vimelegea, napita sokoni nimependeza. Anayenikuta mchana haamini habari za alfajiri, na maneno yanaanza: anadeka, mvivu huyo. Yanachoma, maana ukiyasikia sana unaanza kujishuku mwenyewe.

Ila kilichoniumiza zaidi kilitoka kwa wanaonipenda. "Mwacheni apumzike." Mawifi zangu walinipokea sufuria, nikawashukuru kwa moyo wote. Baadaye nikaona harusi ya mtoto wa kaka imepangwa, sare zimechaguliwa, mimi naletewa tarehe tu. Kliniki nako, daktari alieleza kwamba nisishike mimba nikiwa natumia methotreksati, dawa yangu ya ugonjwa huu, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Ni kweli, na ni muhimu mno. Lakini alimweleza mume wangu, nami nimekaa pale pale! Mwili ni wangu, tumbo ni langu.

Waliposhauri biashara ya dagaa iuzwe, nilikataa. Vijana wanaanika, nawalipa. Mzigo nachagua mimi, bei napanga mimi, wateja wa Dar es Salaam naongea nao mimi. Dagaa waliolala na unyevu nawajua kwa harufu, na hilo halihitaji vidole. Siku hizi wachuuzi wachanga wananiita niwakagulie mzigo kabla hawajalipa, na hapo najiona mzima kuliko nikimeza dawa yoyote.

Kwa hiyo wifi yako mwenye maradhi kama haya akisema leo vyombo vimemshinda, mwoshee. Halafu kaa naye, umuulize hiyo shughuli ya Jumamosi anaonaje ipangwe.