Papa wa vilindini na kicheche: maswali yenu

*Papa wa Greenland na kicheche mdogo wa kaskazini wana nini cha kulinganishwa?*

Wote wawili hula nyama na wote wana uti wa mgongo. Baada ya hapo wameachana mbali, na hilo ndilo linalonivutia. Papa huyu huweza kupita mita 6 na ameonekana kwenye vina vya zaidi ya mita 2,000. Jike wa kicheche huweza kuwa na gramu 30 tu, akamfuata panya hadi ndani ya shimo lake.

*Ni kweli papa huyo huishi miaka 400?*

Tuseme kwa uangalifu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vya kaboni kwenye lenzi za macho ya majike 28. Kiini cha lenzi huundika papa akiwa bado tumboni mwa mama yake na hakibadiliki tena, hivyo hubaki na alama ya wakati ule. Jike mkubwa kuliko wote, wa mita 5 na sentimita 2, alikadiriwa kuwa na miaka 392, ongeza au punguza 120. Hata ukichukua 272, bado hajulikani mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyemfikia. Tena hukomaa na kuweza kuzaa akikaribia miaka 150! Ndiyo maana nyavu za kukokota zinanitia hofu: jike mzazi akinaswa, pengo lake haliwezi kuzibwa katika umri wa mtu mmoja. Kicheche huweza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na wengi hawafikishi miaka miwili porini.

*Nani mlafi zaidi?*

Kwa uzito wake, kicheche, ingawa neno "mlafi" linamwonea. Mwili mwembamba vile hupoteza joto upesi, na akiba ya mafuta karibu hana. Kila siku hula theluthi ya uzito wake au zaidi, la sivyo anakufa. Papa hana haja ya kuupasha mwili joto. Hujikokota polepole katika maji ya baridi kali.

*Kama papa hana mfupa, anakataje nyama?*

Mifupa hana kweli. Ana gegedu, kama ile ya sikio lako. Kazi hufanywa na meno: ya juu membamba yaliyochongoka hushikilia, ya chini mapana yaliyobanana kama msumeno hukata. Akishaung'ata mzoga huzungusha kichwa, mnofu ukabanduka kwa umbo la duara.