Kabla Hujamwandikisha Mtoto PP1

*Nataka chekechea ya serikali yenye matokeo mazuri. Ipi inaongoza? (Mama, Langoni)*

Hakuna, dada. PP1 na PP2, ile miaka miwili ya chekechea kabla ya gredi ya kwanza, hazina mtihani wa taifa. Wanaokutajia "namba moja" wamehesabu majoho ya siku ya mahafali. Hata ripoti yenyewe, "anafikia matarajio", "anakaribia matarajio", anaijaza mwalimu wake.

Nilipomtafutia mjukuu wangu, nilikwenda saa tatu asubuhi bila taarifa, nikaomba kuketi nyuma. Shule ya kwanza: kimya, halafu darasa zima likaimba a, e, i, o, u. Yule wa pembeni yangu akifungua na kufunga mdomo tu, kama changu ndani ya dau. Shule ya pili, kelele! Lakini mwalimu alikuwa mkekani na watoto watano, wakihesabu vifuniko vya soda. Mmoja akasema saba, navyo ni sita. "Haya, visogeze kimoja kimoja," mwalimu akamwambia, akangoja. Alingoja sana. Nikamwandikisha siku ile ile.

Na choo ukakitazame mwenyewe, kama kina maji.

*Walimu wa PP hapa kwetu hawatoshi. Mwalimu mkuu anasema kuajiri si kazi yake. Ananikwepa? (Baba, Matondoni)*

Hakukwepi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea. Ua ni mmoja, lango moja, lakini mwalimu wa PP2 ameajiriwa na kaunti na wa gredi ya kwanza ni wa TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Andika barua kwa idara ya elimu ya kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi wako. Iandikeni wazazi kadhaa na mtie saini. Ya mtu mmoja hulala kwenye faili.

*Mjukuu wangu ana miaka minne, yuko chuoni kwa maalimu, anasoma Kurani. Haitoshi? (Bibi, Mkomani)*

Shikamoo bibi. Usimtoe chuoni, muongezee PP1, umri wake ndio huo. Vipindi ni vya nusu nusu saa, mchana keshatoka, na chuo anakiwahi alasiri. Mambo haya mawili hayagombani: mpango wa chekechea za madrasa wa Aga Khan ulianzia hapo Mombasa miaka ya 1980.

*Mbona wanafundishwa kwa Kiswahili? (Baba, Mkunguni)*

Kwa sababu mtaala unataka wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa watoto wa Mkunguni, ni hii hii uliyoniandikia.