Je, binti yangu Diana abadilishiwe jina?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane, naishi Chamwino. Binti yangu ana miaka 9, anaitwa Diana. Jina alipewa na marehemu baba yake. Tangu mwaka jana anaanguka kifafa na hospitali wamempa dawa. Mhubiri aliyekuja kwetu kwenye mkutano wa injili amesema Diana ni mungu mke wa Waefeso, kwamba mtoto alikabidhiwa kwa pepo siku alipopewa jina hilo, na hatapona mpaka lifutwe kwa maombi maalumu yenye sadaka. Amesema pia tuache dawa, eti zinaonyesha hatuna imani. Mtoto ameanza kuniuliza kama yeye ni wa shetani. Nifanye nini?

JIBU: Mama Diana, nakuita hivyo kwa makusudi, na majirani zako waendelee kukuita hivyo. Jina la mtoto usiliguse. Na kabla hujasoma zaidi, kama ulisimamisha dawa, wasiliana na hospitali leo hii. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo, hata akapoteza maisha.

Ni kweli Diana alikuwa mungu mke wa Warumi, wa mwezi na uwindaji, na walimhesabu kuwa ndiye Artemi wa Wagiriki, yule ambaye watu wa Efeso walimpigia kelele kwa muda wa saa mbili katika Matendo 19. Hapo mhubiri hakukosea. Amekosea katika yote aliyoyajenga juu yake.

Aliyechochea ghasia zile ni Demetrio, mfua fedha aliyeuza vihekalu vya Artemi. Jina lake limetokana na Demeta, mungu mke wa nafaka wa Wagiriki. Sasa fungua 3 Yohana, mstari wa 12. Yupo Demetrio mwingine, Mkristo, ambaye watu wote wanamshuhudia mema, na kweli yenyewe inamshuhudia. Jina ni lilelile, na mungu wa kipagani aliye nyuma yake ni yuleyule. Mbona mtume hakumwambia alibadilishe?

Linalokuhusu zaidi ni la Fibi. Katika hadithi za Wagiriki, Fibi ni bibi yake Artemi, na Artemi mwenyewe aliitwa kwa jina hilo pia. Yaani ni jina la ukoo uleule ambao mhubiri anakutisha nao! Tena Paulo aliuandika Waraka kwa Warumi baada ya kutoka Efeso, alikokaa zaidi ya miaka miwili karibu na hekalu lile na kuziona ghasia zake. Hakuna aliyemjua Artemi kuliko yeye. Lakini katika Warumi 16 anamtambulisha Fibi kama dada yetu, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuagiza apokewe kama iwapasavyo watakatifu. Katika sura hiyohiyo anawasalimu Herme na Nerea, wenye majina ya miungu waziwazi. Kwingine yupo Apolo, yupo Epafrodito ambaye jina lake limebeba la Afrodita. Na Martin, jina la askofu wa Tours na la Luther, limetoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi.

Najua wataleta Kutoka 23:13, kwamba tusitaje majina ya miungu mingine. Yoshua 23:7 inaonyesha katazo hilo linahusu nini: kuapa kwa miungu hiyo, kuitumikia na kuisujudia. Lingekuwa linahusu sauti tu, Biblia yenyewe isingeweza kusomwa kanisani. Azaria alipewa Babeli jina la Abednego, yaani mtumishi wa Nebo, mungu wa huko. Akatupwa motoni na jina hilo, akatoka nalo bila kuungua, na leo Dodoma tunabatiza akina Abednego bila hofu. Wataleta na Yabesi, ambaye mama yake alimwita hivyo kwa huzuni. Msome hadi mwisho, 1 Nyakati 4:10. Aliomba, Mungu akampa alichoomba, na bado akaitwa Yabesi.

Hapa kwetu Ugogoni, wazee waliomba mvua kwa Mulungu kabla wamisionari hawajafika Mpwapwa miaka ya 1870, na ni kwa jina hilohilo tunaomba ibadani leo.

Ingekuwa mtoto aliwekwa kwa mizimu kwa kiapo na tambiko, ningesema kiapo kile kikanwe. Mumeo hakufanya hivyo. Alichagua jina lililompendeza, akampa mwanawe. Kumwambia mjane kwamba mapenzi ya marehemu mumewe ndiyo yaliyomfunga mtoto, kisha kumtajia sadaka, ni ukatili. Usitoe hata shilingi.

Kuhusu kifafa: Mathayo 4:24 inataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi peke yake. Hata yule kijana wa Mathayo 17, ambaye Yesu alimkemea pepo, hakuulizwa jina wala hakupewa jipya. Kwa hiyo mwombee Diana kila siku, huku anakunywa dawa. Usimwache peke yake karibu na mafiga au kisima. Mweleze mwalimu wake. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali.

Swali lake ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mtoto wa miaka 9 asilale na neno hilo moyoni. Mketishe karibu nawe, mwambie jina lake alilichagua baba yake kwa sababu alimpenda, kisha someni pamoja habari za Fibi. Kama bado hajabatizwa, mpeleke kwa mchungaji wa mtaa wako abatizwe kwa jina hilohilo la Diana. Mchungaji akisita, mwonyeshe mistari hii. Akisita tena, niandikie, nitazungumza naye mwenyewe.